Ihefu Ilihama, Uwanja Ukabaki: Kisa cha Viwanja vya Mbeya na Iringa

Tangu Septemba 27, 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipopewa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ramani ya viwanja nchini imekuwa gumzo. Dar es Salaam tayari ilikuwa na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Zanzibar ilikuwa na Amaan. Arusha ikaanza kujengewa uwanja mpya wa watazamaji 30,000 eneo la Olmoti. Ukishuka na barabara kuu kutoka Iringa hadi Mbeya, hakuna kipya. Nyanda za Juu Kusini, zinazolisha nchi mahindi, mpunga na viazi, zimebaki na viwanja vilevile vya zamani.

Ndiyo maana swali la uwanja mpya linarudi kila msimu: ujengwe wapi? Ni swali halali. Lakini historia ya viwanja vyetu inatufundisha kwamba lipo swali la kutangulia. Uwanja utakuwa wa nani, na timu itakayouchezea itakuwa ya nani?

Viwanja viwili vikubwa vya ukanda huu vina majina ya heshima. Mbeya kuna Sokoine, jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, karibu na Dakawa, Morogoro. Iringa kuna Samora, jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji aliyekufa kwa ajali ya ndege Oktoba 1986. Vyote viwili ni matunda ya zama ambazo chama kilishika hatamu, wakati ilikuwa vigumu kutenganisha mchango wa chama, wa serikali na wa mwananchi. Mwanachama alichanga, asiye mwanachama alichanga, na aliyepokea alikuwa mmoja.

Mfumo wa vyama vingi ulipoanza rasmi Julai 1, 1992, mchanganyiko huo ukageuka mgogoro. Chama Cha Mapinduzi kilibaki na viwanja vingi mikoani: Sokoine, Samora, Majimaji wa Songea, Kirumba wa Mwanza, Sheikh Amri Abeid wa Arusha na vinginevyo. Vyama vya upinzani vimedai kwa miaka mingi kwamba mali iliyojengwa kwa jasho la wananchi wote irudi kwa wananchi wote. CCM nayo imeshikilia kwamba viwanja ni vyake kihalali. Desemba 2017, Rais John Magufuli, akiwa Mwenyekiti wa CCM, aliunda tume ya kuhakiki mali za chama chini ya Dk. Bashiru Ally. Tume ilikabidhi ripoti yake Mei 2018, na mwezi huohuo Bashiru akawa Katibu Mkuu. Uhakiki huo ulihusu namna mali za chama zinavyosimamiwa. Hoja ya kama viwanja vingestahili kuwa mali ya chama ilibaki pale ilipoachwa mwaka 1992.

Mzigo wa hoja hiyo umebebeshwa soka. Soka ya Mbeya ina sifa za zamani: Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na Tanzania Prisons wamekuwa nguzo ya ligi kwa miongo. Lakini kisa kinachofaa kukumbukwa leo ni cha Mbeya City. Timu hiyo ya Halmashauri ya Jiji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 chini ya kocha Juma Mwambusi, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Jiji zima lilivaa zambarau. Mashabiki walijaza mabasi kuifuata timu mikoani, na Sokoine ikawa haipitiki siku za mechi.

Aprili 2014, Azam walikuja Sokoine, wakashinda mabao 2-1, wakatawazwa mabingwa kwa mara ya kwanza. Tazama walichokuwa nacho wageni ambacho wenyeji hawakuwa nacho. Azam, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008, ilikuwa na uwanja wake Chamazi. Mbeya City ilikuwa na umati, ilikuwa na mapenzi ya mji, ilikuwa na halmashauri nyuma yake, lakini ilichezea uwanja wa mwingine. Mwaka 2023 ikashuka daraja, ikasubiri hadi 2025 kurejea. Sisemi uwanja peke yake ndio ulioishusha. Nasema timu isiyo na kwake haina pa kuwekeza. Kiti unachotengeneza si chako, jukwaa unalotaka kuliezeka si lako, na nyasi unazomwagilia ni za mwenye hati.

Sasa twende Mbarali. Ukiacha barabara kuu ya Iringa na Mbeya na kuingia bonde la Usangu, unafika Ubaruku, mji wa mpunga na mashine za kukoboa. Hapo upo uwanja wa Highland Estates, uliobeba jina la mashamba ya mpunga. Hapo ndipo Ihefu walipokuwa nyumbani, timu iliyochukua jina la ardhioevu ya Ihefu inayolisha Mto Ruaha Mkuu, unaopita hifadhini Ruaha hadi kufika Mtera. Ihefu walipanda Ligi Kuu mwaka 2020, wakashuka 2021, wakarudi 2022.

Novemba 29, 2022, Yanga waliingia Ubaruku wakiwa hawajafungwa katika mechi 49 za ligi, tangu Azam walipowalaza Aprili 2021. Ihefu walikuwa wakihangaika mkiani. Yanga wakatangulia kwa bao la Yannick Bangala, na kila mtu akadhani yameisha. Never Tigere akasawazisha. Kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga la pili, na rekodi iliyokuwa ikikaribia mechi 50 ikakatikia mashambani. Matokeo: 2-1. Nchi nzima ikatafuta Ubaruku kwenye ramani. Waliodhani ni bahati walijibiwa Oktoba 2023, Yanga waliporudi palepale na kufungwa tena 2-1.

Hakuna jiji lililopata siku kama hizo. Uwanja mdogo wa wilayani, wenye mashabiki wanaosimama hatua chache kutoka kwenye mstari, uliwafanyia mabingwa kile ambacho viwanja vikubwa havikuweza. Wachuuzi waliuza, nyumba za kulala wageni zilijaa, bodaboda zilikosa nafasi ya kupumzika.

Kisha timu ikaondoka. Katikati ya msimu wa 2023/24, Ihefu walihamishia makao yao Singida na kuanza kuchezea Uwanja wa Liti. Msimu uliofuata jina lenyewe likabadilika, wakawa Singida Black Stars. Ubaruku ilibaki na uwanja, na kumbukumbu ya Yanga kufungwa mara mbili. Mbarali haikuwa na sauti, kwa sababu timu ilikuwa ya wenye nayo, na hakuna mkataba uliowafunga kwa mji.

Si sisi tu tuliopigwa na jambo hili. Katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mji wa Pawtucket ulikuwa na timu ya besiboli ya daraja la chini iliyochezea Uwanja wa McCoy, uliofunguliwa mwaka 1942. Hapo, mwaka 1981, ilichezwa mechi ndefu kuliko zote katika historia ya besiboli ya kulipwa. Wamiliki wapya walipotaka uwanja mpya, mabishano yakaanza: kwanza Providence kando ya mto, kisha Pawtucket penyewe, nani alipe na kiasi gani. Wakati wanabishana, mji wa Worcester, jimbo jirani la Massachusetts, ukatoa ofa. Mwaka 2018 timu ikatangaza kuhama, mwaka 2021 ikaanza kucheza Worcester, na McCoy ikaja kubomolewa. Watu wa Pawtucket walikuwa na uwanja wa umma, lakini timu haikuwa yao.

Iringa imeonja upande wake. Lipuli, Wanapaluhengo, walirejea Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na Juni 2019 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho huko Lindi, wakafungwa 1-0 na Azam. Mwaka uliofuata wakashuka. Samora imebaki ikisubiri ligi ya daraja la juu irudi. Hata Serikali ilipoanza mwaka 2021 kusamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia, msamaha ulianzia kwa viwanja vya majiji. Mbeya ni jiji. Iringa ni manispaa.

Basi, ujengwe wapi? Kwa Mbeya, macho huenda haraka kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ulioachwa na ndege baada ya uwanja wa Songwe kuanza Desemba 2012. Upo mjini, mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi mechini. Wengine wataelekeza nje, kandokando ya barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, yenye kilomita 29, ambako ardhi ni pana. Mimi naegemea mjini. Uwanja ulio mbali humsumbua mwenye gari na kumnyima mechi mwanafunzi na mama lishe. Kwa Iringa, mji uliokaa mlimani na wenye tambarare chache, naona busara zaidi kukarabati Samora kuliko kuanza upya kwenye bonde la mbali.

Lakini mahali popote patakapochaguliwa, hati iandikwe kwa jina la halmashauri kabla ya tofali la kwanza. CCM ingefanya jambo kubwa la kukumbukwa ikikabidhi Sokoine na Samora kwa wananchi waliochangia, na timu yoyote itakayopewa uwanja wa umma ifungwe kwa mkataba wa miaka kadhaa usioweza kuvunjwa katikati ya msimu. Madiwani wa Mbeya na Iringa wana uwezo wa kuyadai yote hayo katika vikao vyao, na wapiga kura wana haki ya kuwauliza kama wameyadai.