Jiwe Jeusi na Nyoka Asiyejulikana

Sisi tuliosomea shule za misheni katika nchi hizi za Maziwa Makuu, aghalabu tunakikumbuka kijiwe cheusi kilichotunzwa katika kabati la mwalimu mkuu, kimeviringwa kwa kitambaa, kando ya chupa ya aidini na bendeji. Kilikuwa chepesi kuliko jiwe, na ukikigusa kwa ulimi kilinata. Mtu akiumwa na nyoka, alichanjwa kwa wembe penye jeraha mpaka damu itoke, kisha kijiwe kikabandikwa hapo na kuachwa mpaka kianguke chenyewe. Baadaye kilichemshwa majini na kutiwa katika maziwa, na sisi watoto tukaambiwa tutazame mapovu yakipanda: ndiyo sumu hiyo inatoka. Tuliamini, kwa kuwa mapovu tuliyaona kwa macho yetu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya kijiwe hicho. Hatutaki kuwacheka waliokitumia, maana walikitumia kwa huruma na mara nyingi hawakuwa na kingine. Lakini kingali kinauzwa na kununuliwa, na habari zake zimefungamana na swali ambalo kila mwenye nyumba hana budi kujiuliza akikuta kitu kimejikunja nyuma ya mtungi: nyoka huyu ni nani?

Kwanza, si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa kama mkaa. Mfupa wa namna hiyo una vitundu vidogo visivyohesabika. Vitundu hivyo hufyonza umajimaji wa damu, na ndiyo sababu ya kunata. Kikitiwa katika maziwa, hewa iliyobaki vitunduni hutoka kwa mapovu. Kipande ambacho hakijapata kumkaribia nyoka hutoa mapovu yale yale. Laiti mmoja wetu angethubutu kulijaribu jambo hilo siku zile.

Mawe ya nyoka yalifika Ulaya kutoka Bara Hindi katika karne ya 17, yakiletwa na wasafiri na mapadri, na ikasemwa kwamba hutolewa katika kichwa cha fira. Huko Roma, Mjesuiti Athanasius Kircher, mwanachuoni mwenye sifa kubwa, alijaribu jiwe kwa mbwa aliyeumwa na nyoka. Mbwa akapona, na Kircher akaandika kwamba jiwe lafaa. Lakini mjini Florence alikuwako tabibu wa mtawala wa Toscana, jina lake Francesco Redi. Yeye hakutosheka na mbwa mmoja. Aliyajaribu mawe hayo mara nyingi kwa wanyama waliotiwa sumu, akaona hayawaokoi. Mwaka 1671 alichapisha matokeo yake kwa njia ya barua ya heshima kwa Kircher mwenyewe. Tangu hapo hadi leo ni zaidi ya miaka 350.

Kosa la Kircher ndilo kiini cha maneno yetu. Nyoka wa Italia wa jamii ya moma ana sumu, ila kila amwumaye hafi. Aidha nyoka wengi wenye sumu huuma pasipo kumimina sumu, kwa kuwa sumu ni silaha ya kuwindia na hawapendi kuipoteza bure. Na wengi kupita hao hawana sumu ya kumdhuru mtu kabisa. Kwa hiyo dawa yoyote iwayo, hata majani ya mgomba, itaonekana imeponya watu wengi ikiwa hatuulizi ni nyoka gani aliyeuma. Mwaka 2007 watafiti walichapisha majaribio ya jiwe jeusi kwa panya waliotiwa sumu za nyoka wa Afrika. Halikuwasaidia.

Redi huyo huyo ametuachia kisa kingine kinachotupendeza zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1664 alisimulia habari za mkamataji nyoka aitwaye Jacopo Sozzi. Wanazuoni walikuwa wakibishana iwapo sumu ya nyoka huua ikinywewa. Jacopo, ambaye hakuwa na elimu ya vitabu, aliichanganya na kinywaji akainywa mbele yao, akabaki mzima. Mtu yule alijua kwa kazi ya mikono yake kwamba sumu hudhuru ikiingia damuni. Hatumshauri msomaji amwige, kwani kidonda kidogo cha mdomoni chatosha kuharibu mambo.

Watu wa namna ya Jacopo hawakukosekana kwetu. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika Usukuma, kulikuwa na chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka, ambao Hans Cory aliandika habari zao mwaka 1946. Walicheza ngoma na nyoka hai, wakachanjana dawa, wakawa na siri zao za uganga. Si kila dawa yao tungeitetea, lakini mtu hachezi na swila na chatu bila kuwapambanua mmoja na mwingine. Kwetu Uganda kazi ya kupambanua iliandikwa na Kapteni Charles Pitman, aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1925. Makala zake zilitoka kwanza katika jarida la Uganda Journal, zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1938, na toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1974. Mwalimu wa Kiswahili anayekisoma leo hupata jambo la kumsumbua: lugha za nyumbani zina majina imara, kama vile ttimba na salambwa katika Kiganda, ilhali Kiswahili tunachofundisha darasani mara nyingi huridhika na neno moja tu, nyoka. Na majina tuliyo nayo hatuyapangi. Moma, bafe na kifutu, mwanafunzi hudhani ni watatu, kumbe mahali pengi ni mmoja.

Umuhimu wa jina ulizidi baada ya kugunduliwa seramu. Mwaka 1894 Phisalix na Bertrand huko Paris, na Albert Calmette aliyekuwa amefanya kazi Saigon, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu kidogo kidogo ina kitu cha kuizuia. Calmette alitumaini kwamba seramu iliyotokana na sumu ya fira ingefaa kwa nyoka wote. Haikuwa hivyo. Huko Brazil, Vital Brazil alithibitisha kwamba kila jamii ya nyoka yataka seramu yake. Siku hizi hutengenezwa seramu ya jamii kadhaa kwa pamoja, lakini hata hiyo ina orodha yake, na nyoka asiyekuwamo hazuiliwi nayo.

Wala msomaji asidhani kwamba kutambua nyoka ni jambo jepesi kwa mabingwa. Karl Schmidt wa Chicago alikuwa ameandika maandishi makubwa juu ya wanyama watambaao wa Kongo. Mnamo Septemba 1957 aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Alikuwa nyoka wa mitini wa Afrika, mwenye meno ya sumu nyuma ya kinywa, ambaye wengi walimdharau. Alimwuma kidoleni. Schmidt hakwenda hospitali. Aliandika dalili zake kwa makini, akafa kesho yake.

Basi tuingie nyumbani. Nyoka anayeuawa bure kuliko wengine ni yule wa kahawia anayekaa darini na ghalani, mwenye mstari mwembamba wa rangi hafifu upande wa kichwa, ukipita penye jicho. Hana sumu, chakula chake ni panya. Katika banda la kuku huweza kuonekana nyoka mwembamba mwenye madoa, ambaye akitishwa husugua magamba yake yakatoa sauti kama ya moma. Huyo hula mayai, na meno yake si ya kutajwa. Moma mwenyewe ni mfupi na mnene, ana alama za pembe mgongoni kama mishale iliyopangwa, na hatari yake ni uvivu: hakimbii. Hungoja njiani usiku mpaka mtu amkanyage. Swila huinua kichwa na kutanua shingo, na wako watemao mate ya sumu kwa kulenga macho kutoka zaidi ya mita mbili. Aliyetemewa asisugue macho. Ayaoshe kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, kisha apelekwe kwa daktari.

Yuko mmoja tunayetaka kumtaja kwa namna ya pekee, mdogo, mweusi, anayeng'aa, mkazi wa chini ya udongo, anayetoka baada ya mvua. Vijana wanaojua kumshika nyoka nyuma ya kichwa humshika huyu vivyo hivyo, naye huwachoma, kwa sababu meno yake hutokeza pembeni hata kinywa kikiwa kimefumbwa. Hakuna namna ya kumshika salama kwa vidole. Ile kanuni ya kichwa cha pembe tatu, ambayo twasikia ikifundishwa, nayo tuiache: kichwa cha swila ni chembamba, na cha koboko vilevile.

Amri ya nyumbani ni fupi. Watoto watoke, mlango ubaki wazi, mtu mzima asimame mbali amtazame nyoka bila kumzingira, na aitwe ajuaye. Wengi huumwa wakijaribu kumwua, na kichwa kilichokatwa huweza kuuma bado. Ghala lisiwe na panya, kuni zikae mbali na ukuta, usiku itumike tochi, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe kwa ubao kisitikisike, apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza.

Twasema upesi kwa sababu tumeona kinyume chake. Katika kijiji tulichofundisha zamani, kijana aliumwa mguuni ghalani. Jiwe likabandikwa, jioni akacheza mpira. Sifa ya jiwe ikaenea tarafa nzima. Msimu wa mvua uliofuata msichana wa jirani alimkanyaga moma njiani. Jiwe likabandikwa usiku kucha, na wazazi wakangoja lianguke. Alifikishwa hospitali siku ya pili mguu ukiwa umevimba hadi nyonga na ngozi imeanza kuoza. Aliishi, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Yule wa ghalani, kwa maelezo tuliyoyapata baadaye, alikuwa wa kahawia, mwenye mstari penye jicho.

Ni kweli kwamba hospitali nayo huweza kukosa seramu. Seramu moja iliyotumika sana Afrika, FAV-Afrique, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda Juni 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Hata pasipo seramu, hospitali ina hewa ya kumsaidia asiyeweza kupumua, ina damu, ina dawa za maumivu na kidonda. Na daktari atauliza aliumwa saa ngapi, na nyoka alikuwaje: mnene au mwembamba, alitulia au alikimbia, aliinua kichwa au hakuinua.