Namna Utendaji wa Goti Ulivyokuja Kupimwa

Hadi katikati ya karne ya 20, daktari aliyetaka kujua goti la mgonjwa limepona kwa kiasi gani alilitazama goti lenyewe zaidi kuliko alivyomtazama mwenye goti. Pembe ya kukunjika ilipimwa kwa goniomita, yaani kifaa chenye mikono miwili iliyoshikwa pamoja kwa pini, mmoja ukilazwa sambamba na paja na mwingine sambamba na muundi, ilhali nguvu za misuli zilikadiriwa kwa mpimaji kuusukuma mguu kwa mkono wake, kisha kutoa alama kati ya 0 na 5. Mwaka 1957 Kellgren na Lawrence wa Uingereza walichapisha utaratibu wa kuzigawa picha za eksirei za viungo vilivyochakaa katika madaraja ya 0 hadi 4, na utaratibu huo ungali unatumika. Hata hivyo, picha huonyesha mfupa tu, haionyeshi iwapo mwenye mfupa huo anaweza kupanda ngazi. Wapo wenye picha mbaya wasiolalamika, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku kwa maumivu.

Upasuaji wa goti bandia ndio uliolazimisha vipimo vya aina nyingine. Katika Hospital for Special Surgery ya New York, ambako John Insall na wenzake walianza mwaka 1974 kuweka goti bandia lililokuja kuwa kielelezo cha mengi yaliyofuata, kilitumika kipimo cha alama 100, ambapo maumivu yalipewa alama 30, utendaji, yaani uwezo wa kutembea na kufanya shughuli za kawaida, ukapewa 22, na zilizobaki zikagawanywa kwa mkunjo, misuli, kasoro ya umbo na uthabiti wa kiungo. Udhaifu wake ulikuwa wazi: aliyejaza fomu mara nyingi ndiye aliyepasua, na ni nadra mpishi kuutia kasoro mchuzi wake.

Nchini Sweden tatizo lilikuwa jingine, kwa kuwa wagonjwa walikuwa vijana wanamichezo waliokatika kano za goti. Kipimo cha Lysholm na Gillquist cha mwaka 1982, kilichorekebishwa mwaka 1985, kiliweka uzito mkubwa kwenye goti kulegea ghafla na kwenye maumivu, kila kimoja alama 25, huku kuchuchumaa kukiambulia alama 5 tu. Marekebisho hayo yaliambatana na ngazi ya Tegner, inayoanzia 0 kwa mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya goti na kufikia 10 kwa mchezaji wa mpira wa miguu wa kiwango cha juu.

Mabadiliko makubwa yalitoka Kanada, ambako Nicholas Bellamy na wenzake walimwachia mgonjwa kalamu. Hojaji yao iitwayo WOMAC, iliyochapishwa mwaka 1988 kwa ajili ya wagonjwa wa osteoathritisi, yaani uchakavu wa gegedu linalofunika ncha za mifupa, ina maswali 24: matano ya maumivu, mawili ya kukakamaa, na 17 ya utendaji, kama vile kushuka ngazi, kuvaa soksi, kuingia ndani ya gari na kutoka katika beseni la kuogea. Mwaka 1998 Ewa Roos na wenzake waliipanua ikawa KOOS yenye maswali 42, ili iwafae pia vijana walioumia, na humo kuchuchumaa na kupiga magoti viliwekwa katika fungu la michezo na burudani. Kwa msomaji ambaye babu yake husujudu mara kadhaa kwa siku na bibi yake hutumia choo cha kuchuchumaa, mpangilio huo ni wa kushangaza. Wajapani, ambao nao huketi sakafuni, walitunga hojaji yao wenyewe, JKOM, mwaka 2005.

Kalamu ya mgonjwa nayo ina upungufu wake. Mwaka 2006 Paul Stratford na Deborah Kennedy wa Kanada walionyesha kuwa majibu ya hojaji huvutwa sana na maumivu, kiasi kwamba mtu aliyetoka kuwekewa goti bandia huweza kuandika kuwa ana nafuu, kwa kuwa maumivu yamepungua, ilhali saa inaonyesha anatembea polepole kuliko kabla ya kupasuliwa. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia hutumia pia majaribio ya vitendo, likiwemo lile lililochapishwa mwaka 1991 kwa ajili ya wazee dhaifu, ambapo mtu huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi huku muda ukihesabiwa.

Mwaka 2013 jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa osteoathritisi, OARSI, ilipendekeza majaribio matano: kuinuka kitini mara nyingi iwezekanavyo kwa sekunde 30, kutembea haraka mita 40, kupanda ngazi, lile la kiti na mita 3, na kutembea kwa dakika 6. Kati ya hayo matano, hakuna hata moja linalomtaka mgonjwa ainuke kutoka sakafuni.