Usukani na Kafi katika Ziwa Kivu

Neno usukani lina asili ya Kiarabu, na ni la mabaharia wa pwani. Katika Ziwa Kivu, alikofika von Götzen mwaka 1894, chombo kilikuwa mtumbwi wa gogo, ulioongozwa kwa kafi. Tofauti hiyo isidhaniwe kuwa uduni. Jahazi lililopoteza usukani hugeuzwa ovyo na upepo, na roho za watu zikawa mashakani. Hapo nahodha hufunga kasia refu tezini, yaani hurejea kwenye mbinu ya mtumbwi. Wavuvi wa Goma huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ili wapate sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kafi lao likivunjika, lingine huchongwa ufukweni. Usukani hudai fundi na vyuma.