Mtaa Juu ya Mapango

Vilima vya kaskazini mashariki mwa Paris vimeliwa kwa ndani. Chini yake kuna jipsamu, jiwe lile lile ambalo mafundi wetu wa dari wanalijua kwa jina hilo. Ukilichoma tanurini kwa joto la nyuzi 150 hivi linapoteza maji yake na kusagika kirahisi. Unga wake ukikorogwa na maji, hugeuka mgumu baada ya dakika chache. Hiyo ndiyo plasta ya Paris, ambayo kwa miaka mingi hospitali zimeitumia kufungia miguu iliyovunjika. Jiji lilipozidi kujengwa, vilima vya Belleville vilizidi kubaki matundu.

Wachimbaji waliingia ndani ya mwamba, wakachonga kumbi ndefu na kuacha nguzo za jiwe zishikilie dari. Usiku, watu wasio na pa kulala walijibanza kando ya matanuri ya machimbo yaliyoitwa Amérique, kwa kuwa joto lake halikuwa na kodi. Polisi waliwafuata humo humo. Upande wa pili, Chaumont, palikuwa na machimbo mengine, jaa la taka na mahali pa kuchinjia farasi wazee. Montfaucon, ulikosimama mti wa kunyongea watu, haikuwa mbali.

Belleville na vijiji jirani viliunganishwa na Paris mwaka 1860. Miaka 4 baadaye, chini ya mfalme Napoleon III na Haussmann, mkuu wake wa jiji, mhandisi Adolphe Alphand alianza kuigeuza Chaumont kuwa bustani. Mahali hapo palikuwa pakavu, mmea haushiki, ikabidi udongo mzuri uletwe kwa reli iliyotandazwa kwa kazi hiyo. Baruti ikachonga miamba. Jabali moja likaachwa lisimame, likazungushiwa ziwa, likawa kisiwa. Mdomo wa shimo la zamani ukageuzwa pango lenye maporomoko ya maji, na mawe yaliyochongoka yanayoning'inia darini mwake yalifinyangwa na mafundi. Ni uongo mtupu, ila ni uongo uliofanywa kwa ustadi mkubwa. Bustani ya Buttes-Chaumont, yenye hekta 25 hivi, ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1867, siku yalipofunguliwa Maonyesho ya Dunia.

Amérique haikupata mfadhili wa namna hiyo. Uchimbaji ulipokoma katika miaka ya 1870, pakajaribiwa soko la farasi na lishe ya mifugo, likafa mapema. Ndipo kuelekea mwisho wa karne viwanja vikakatwa vidogo vidogo, nyumba zikaanza kupanda. Kupanda kwenyewe kulikuwa na kikomo, kwa sababu ardhi iliyotobolewa haibebi jengo zito. Tena jipsamu huyeyuka polepole kwenye maji: bomba likivuja kwa muda mrefu, tundu linapanuka chini kwa chini hadi uso wa ardhi unadidimia.

Kwa hiyo mtaa wa Mouzaïa, uliojengwa juu ya machimbo hayo ya Amérique, haukupata yale majengo ya ghorofa sita yaliyoifanya Paris ijulikane. Ulipata nyumba fupi za watu wa kipato kidogo, zimebanana kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, kila moja na kibustani mbele ya mlango, kinachotosha mti mmoja na kiti. Wataalamu wa mipango miji wangependa kusema walibuni hayo. Mimi naona sifa kubwa ni ya shimo.

Leo nyumba zile zile zinagombaniwa na wenye fedha, na mfanyakazi wa kawaida hawezi hata kuuliza bei. Lakini tajiri naye hajengi atakavyo: ombi la kujenga juu ya machimbo ya zamani hupitia kwanza kwa Ukaguzi Mkuu wa Machimbo, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1777 na ambayo bado inafanya kazi.