Kabla ya Kung'oa Jino, Taja Dawa Unazotumia

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi, nikapita Majengo, Pumwani, kumjulia hali mama mdogo. Nilimkuta amebana kitambaa mdomoni, kimelowa damu. Jino aling'olewa asubuhi katika kliniki moja ya huko Eastlands, na hadi baada ya swala ya Isha damu ilikuwa haijakatika. Tukampeleka hospitali, akashonwa ufizi, damu ikasimama alhamdulillahi. Daktari wa huko ndiye wa kwanza kumuuliza: "Mama, watumia dawa gani?" Akatoa warfarin mkobani. Huinywa tangu damu ilipomganda mguuni.

"Jino na mguu, wapi na wapi?" aliniuliza tukirudi.

Swali hilo wengi wetu tunalo, na jawabu ni kuwa mwili ni mmoja.

Warfarin huchelewesha damu kuganda. Anayeitumia hupimwa damu kipimo kiitwacho INR kabla ya jino kung'olewa. Lakini usiiache kwa hiari yako, wala aspirini ya moyo, kwani damu ikiganda moyoni au kichwani ni hatari kuliko ufizi unaotoka damu. Tena, dawa za baada ya jino nazo zina mambo. Flagyl huipa warfarin nguvu zaidi, na Brufen huongeza hatari ya kutokwa na damu. Usijinunulie tu dukani.

Wenye presha wanaotumia nifedipine au amlodipine, na wenye kifafa wanaotumia phenytoin, huenda wakaona fizi zinavimba na kufunika meno. Kupiga mswaki vizuri husaidia, na daktari aweza kubadilisha dawa.

Dawa za mzio, za huzuni na za kukojoza maji hukausha mate. Mate ndiyo mlinzi wa meno. Yakipungua, meno huoza upesi. Kunywa maji mara kwa mara, na punguza sukari katika chai.

Wanaotumia dawa za mifupa kama alendronate, au wanaodungwa zoledronic acid kwa sababu ya saratani, wamwambie daktari mapema. Ni nadra, lakini mfupa wa taya waweza kukataa kupona baada ya jino kutoka.

Mwenye pumu anayevuta dawa ya steroidi asukutue kila anapomaliza, asije akapata utando mweupe wa ukungu mdomoni. Na mwenye kisukari asiende kwa daktari wa meno akiwa amedunga insulini na hajala, kwani sukari yaweza kushuka akiwa kitini. Ikiwa amefunga, aseme.

Mama mjamzito pia aseme, maana tetracycline hutia rangi meno ya mtoto aliye tumboni.

Nashauri hivi: ukienda kwa daktari wa meno, chukua pakiti zote za dawa zako, hata za mitishamba, uziweke mezani kabla hujafungua mdomo. Usipoulizwa, jitajie mwenyewe. Kosa la yule aliyemng'oa mama mdogo lilikuwa kutouliza, nasi kosa letu lilikuwa kudhani hakuna haja ya kusema.

Siku hizi mama mdogo ana karatasi yenye majina ya dawa zake, ameifunga kwenye pindo la leso. Nawe andika yako leo.