Marashi Yaliyotafuta Harufu ya Maji

Maji safi hayana harufu. Ya mtungini hunukia mtungi, na mtungi ukiwa umefukizwa ubani, hunukia ubani. Ya kisimani hunukia udongo. Hata ya mvua, kile tunachokinusa ni vumbi lililolowa. Kwa hiyo mbunifu wa mavazi wa Kijapani, Issey Miyake, alipotaka marashi yake ya kwanza yawe mepesi na safi kama maji, aliwatwisha watengenezaji wake kazi isiyo na malighafi. Maji hayana ua la kukamua, wala gome, wala utomvu.

Marashi hayo yalitoka mwaka 1992 kwa jina la L'Eau d'Issey, yaani maji ya Issey. Jina lina mchezo ndani yake: ukilitamka kwa haraka, Mfaransa husikia neno lake la safari ndefu ya baharini, ile ya Odiseo.

Kuyaelewa kunataka kwanza kukumbuka wanawake wa Paris na New York walikuwa wakijipulizia nini kabla yake. Opium ya Yves Saint Laurent ilitoka mwaka 1977, Giorgio Beverly Hills ikafuata 1981, kisha Poison ya Dior 1985. Yalikuwa marashi ya viungo, ya tuberosi, ya utamu mzito. Mwenyewe hajafika mlangoni, marashi yameshaingia na kukaa; akiondoka, yanabaki kwenye mapazia. Ilifika mahali migahawa kadhaa ya Marekani ikawakataza wateja wasije wamejipulizia baadhi ya marashi hayo. Siyadharau hata kidogo. Poison ni kazi kubwa, na sisi tuliolelewa kwenye moshi wa udi hatuwezi kuiona harufu nzito kuwa kosa. Lakini pua nazo huchoka, na mwisho wa miaka ya 1980 zilikuwa zimechoka.

Dawa ya uchovu huo ilikuwapo kabatini tangu zamani. Mwaka 1966 wakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer walitengeneza kemikali yenye harufu ya ajabu: tikiti lililopasuliwa sasa hivi, upepo wa pwani, na kwa mbali kitu kama chaza mbichi. Iliitwa Calone, herufi tatu za kwanza zikitokana na Camilli, Albert na Laloue, kampuni ya manukato ya mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, iliyokuwa chini ya Pfizer. Umbo lake linakaribiana na la kemikali ambazo mwani wa kahawia huzitoa majini ili kuziita mbegu za kiume. Aliyewahi kutembea Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, jua likichoma mwani uliobaki mchangani, anaijua harufu ya namna hiyo bila kufundishwa na mkemia.

Kwa karibu miaka ishirini Calone ilitiwa kwa uchache tu, kama chumvi kwenye uji. Kampuni ya Aramis ilithubutu kuitumia waziwazi katika New West, ya wanaume mwaka 1988 na ya wanawake 1990. Hiyo ya pili ni bahari kweli, lakini ni bahari inayokupiga usoni. Haikuwa maji ya kunywa.

Hapo ndipo anapoingia Jacques Cavallier, aliyeyatengeneza marashi ya Miyake, mzaliwa wa Grasse kutoka ukoo wa watengeneza marashi. Ustadi wake ulikuwa kuiingiza Calone kati ya maua mpaka ikaacha kunukia chaza. Akaweka yungiyungi la maji, frisia, siklameni, peoni, na maji ya waridi. Mengi ya maua haya hayakamuliki kupata mafuta. Ukiyachemsha au kuyaloweka, harufu hufa. Mtengeneza marashi huyasikiliza kwa pua, kisha huyajenga upya kwa kemikali, tone kwa tone. Ndani ya L'Eau d'Issey mna pia harufu ya ua la kaneshoni, na harufu ya ua hilo hujengwa kwa eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ukali wake. Mtu wa Pemba akinusa katikati ya marashi haya na kuona kuna kitu anachokifahamu, pua yake haijamdanganya.

Chupa ni habari nyingine. Ni koni ndefu nyembamba ya kioo, juu yake kifuniko cha rangi ya fedha chenye kijitufe kidogo. Inaelezwa kwamba umbo hilo lilitokana na usiku mmoja ambapo Miyake, akiwa katika nyumba yake ya Paris, aliuona mwezi umekaa juu ya ncha ya mnara wa Eiffel.

Miyake alizaliwa Hiroshima mwaka 1938. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa mtoto wa miaka saba, na haikupita miaka mitatu mama yake akafariki kwa madhara ya mionzi. Kwa miongo mingi hakupenda kulisema hilo. Alilieleza katika gazeti la New York Times mwaka 2009, akasema amechagua kufikiria vinavyoumbwa kuliko vinavyobomolewa. Sitalazimisha uhusiano kati ya msiba ule na chupa ya marashi. Ninachokiona ni kwamba mtu huyu kazi zake zote zilipenda wepesi: miaka ileile marashi yake yalipotoka alikuwa akishughulika na vitambaa vya mikunjo visivyotaka pasi, vilivyouzwa kwa jina la Pleats Please kuanzia 1993. Nguo inayomwacha mvaaji apumue, na marashi yanayomwacha jirani apumue.

Tabia gani inayafaa? Nina mwenzangu wa dawati la habari aliyeyatumia miaka mingi. Hapandishi sauti. Akija kazini hujui amefika mpaka ainame kusahihisha karatasi yako, na hapo ndipo unapata kitu kama tikiti na maua yaliyolowa, kisha kinaondoka naye. Nimekuja kuamini kwamba marashi haya ni ya watu wa namna hiyo, wasiotaka kutambulishwa na harufu kabla hawajasema neno. Anayependa kuingia ukumbini na shingo zikageuka, ayaache. Atajiona hakujipaka kitu.

Wengine walifuata njia ileile. L'Eau par Kenzo na Acqua di Giò ya wanaume ya Armani zote zilitoka mwaka 1996, na kwa miaka kadhaa ikawa kila duka ni bahari. Nyingi zimesahaulika. Chupa ya koni bado inauzwa.

Niliipeleka moja Tanga kwa shangazi yangu, mtu wa udi, halud na asumini kichwani. Nilimwamkia, nikampulizia ncha ya kanga. Akanusa, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wamekuuzia maji."

Nikamwomba asiifue. Alasiri, jua limeshalegea, alikuwa ukumbini akichambua mchele, kanga mabegani. Nikamwona amesita, kaiinua ile ncha, kainusa, kaishusha, kisha kaiinua tena.

"Kama alfajiri ukifungua mlango wa uani," akasema.

Jioni aliikunja kanga ile akaiweka sandukuni, upande wake peke yake, mbali na zile zilizofukizwa.