Neema, Imani na Hiari: Mgogoro wa Dordrecht, 1618–1619

Katika mabishano yaliyoyagawa makanisa ya Kiprotestanti baada ya mageuzi ya karne ya 16, lililoacha alama ndefu kuliko mengi ni lile lililohukumiwa katika mji wa Dordrecht, Uholanzi. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba upande mmoja ulitetea neema, yaani fadhili za Mungu zisizostahiliwa, na upande wa pili ukatetea hiari, yaani uwezo wa mwanadamu wa kuchagua. Lakini maandishi yenyewe yanaonyesha kuwa hakuna upande uliofundisha kwamba mtu huokolewa kwa matendo yake, na kwamba ugomvi mkali ulizuka kati ya watu waliokuwa karibu sana.

Chanzo chake kilikuwa Chuo Kikuu cha Leiden, ambako Jacobus Arminius, aliyekuwa mchungaji mjini Amsterdam, alianza kufundisha theolojia mwaka 1603. Mwenzake Franciscus Gomarus alishikilia kuwa Mungu aliwateua watakaookolewa tangu milele, bila kutazama lolote ndani yao. Arminius alihofu kuwa fundisho hilo, likifuatwa hadi mwisho, lingemfanya Mungu kuwa mwanzilishi wa dhambi, naye akafundisha kuwa Mungu huwateua wale anaojua tangu awali kwamba wataamini.

Arminius alifariki mwaka 1609, na mwaka uliofuata wachungaji wa mrengo wake waliwasilisha kwa serikali ya jimbo la Holland maombi rasmi yenye vipengele vitano, ambayo yaliwapa jina la Waremonstranti. Kipengele cha tatu kilikiri wazi kwamba mwanadamu hana imani iokoayo kwa nguvu ya hiari yake, hadi azaliwe upya kwa Roho. Kipengele cha nne kilisema kuwa neema ndiyo mwanzo na ukamilisho wa kila jema, ila mtu anaweza kuikataa. Na hapo ndipo njia zilipoachana.

Suala hilo lingeweza kubaki mikononi mwa wanatheolojia kama siasa isingeliingilia. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mkuu wa Holland, aliwalinda Waremonstranti, huku mwanamfalme Maurits, amiri wa majeshi, akijiunga na wapinzani wao mwaka 1617. Sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ilipofunguliwa tarehe 13 Novemba 1618, ikiwa na wajumbe kutoka Uingereza, Uswisi na nchi za Wajerumani, Oldenbarnevelt alikuwa tayari kizuizini, na Waremonstranti waliitwa kama washtakiwa. Tarehe 14 Januari 1619 mwenyekiti, Johannes Bogerman, aliwafukuza ukumbini.

Kanuni zilizotolewa Mei 1619 zilitamka kuwa uteuzi hautegemei imani iliyoonwa mapema, kwa kuwa imani yenyewe ni tunda la uteuzi. Hata hivyo, zilieleza kuwa neema haiui utashi wa mwanadamu wala kuuburuta kwa nguvu, bali huuponya hata mtu akatii kwa kupenda. Zaidi ya hayo, katika zama ambazo watoto wengi walikufa wangali wachanga, ziliwataka wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka juu ya wokovu wa watoto wao waliofariki. Kwa waandishi wake, fundisho la uteuzi lilikuwa kwanza faraja.

Faraja hiyo ilichafuliwa na upanga. Oldenbarnevelt alikatwa kichwa mjini The Hague tarehe 13 Mei 1619, akiwa na umri wa miaka 71, na wachungaji wapatao 200 walivuliwa utumishi. Hata hivyo, hoja ya Arminius haikuzimwa: katika karne ya 18 John Wesley aliifanya msingi wa mahubiri ya Wamethodisti, ambao walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, kabla ya Wapresbiteri wa Uskoti, warithi wa mafundisho ya Kikalvini yaliyoshinda Dordrecht, kuanzisha misheni yao Kibwezi mwaka 1891. Makanisa yaliyotokana na misheni hizo yanaishi pamoja Kenya kwa amani, jambo linalothibitisha kuwa waumini wanaweza kutofautiana juu ya namna neema inavyomfikia mtu bila kunyang'anyana jina la ndugu.